Amplifaya ya marehemu baba imefufuka, lakini upande wa kulia hauna besi

Cherehani_Tanga

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi cherehani. Vyombo vya umeme navijua kwa kuvitumia tu, kwa hiyo mnivumilie nikivuruga majina.

Ninayo Sansui ya marehemu baba. Aliinunua Mombasa mwaka 1976, mwaka mmoja kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa, akarudi nayo Tanga kwa basi akiwa ameipakata mapajani tangu mpakani Lunga Lunga. Wati kama 40 kila upande, uso wa bati linalong'aa, nobu nzito. Sisi watoto tuliruhusiwa kuigusa siku ya Idi, tena kuiwasha tu, si kupandisha sauti. Mzee alipofariki ikaingia kabatini, ikakaa humo miaka kumi na minane na hii hewa yetu ya chumvi.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini. Akabadilisha kapasita zote za elektroliti (vile vikopo vinavyotunza umeme ndani), akapuliza dawa kwenye swichi, akanirudishia ikiwa inaimba. Kapasita kuukuu nilizidai, nikapewa kwenye bahasha, maana hata mimi nikimbadilishia mteja zipu humrudishia ile mbovu aione. Nilifurahi kama wiki mbili hivi. Sasa masikio yameshazoea na kasoro zimeanza kujitokeza.

Kubwa ni hii. Santuri nyingi za baba ni zile ndogo za bendi za hapa kwetu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ni mono, yaani spika zote mbili zinapewa sauti ileile. Nijuavyo, mono inapaswa kusikika katikati ya spika mbili kama vile mwimbaji kasimama hapo. Kweli, mwimbaji yuko katikati, solo liko katikati, ila gitaa la besi limehamia kushoto. Kulia halipo. Nikizungusha nobu ya balansi kuelekea kulia, besi haiji. Anayehama ni mwimbaji.

Halafu kuna hii nyingine: usiku, nikiwa nimeweka sauti ndogo ili mama alale, upande wa kulia unafifia polepole hadi unanyamaza kabisa. Nikipandisha sauti ghafla, unarudi kwa kishindo kidogo, "tap!", na nikiishusha tena unakaa vizuri kwa muda.

Na kuna mngurumo mdogo pande zote mbili, haukui wala haupungui hata nobu ya sauti ikiwa sifuri.

Nimeshabadilishana nyaya za spika, ya kulia nikaichomeka kushoto na ya kushoto kulia. Spika ni nzima, ugonjwa umebaki palepale kulia kwa amplifaya. Nianzie wapi? Kwa fundi yule sirudi, simu yangu hapokei.

Pweza_Mtulivu

Mkuu, angalia chanya na hasi za spika. Ukigeuza waya upande mmoja, spika moja inasukuma wakati mwenzake inavuta, besi inaliwa. Nilihangaika na hilo mwezi mzima, kumbe waya mwekundu na mweusi. Kama sivyo, hizo kapasita mpya ni feki, ng'oa zote weka nyingine.

Cherehani_Tanga

Asante Pweza, nimeangalia sasa hivi. Waya wangu una mstari mweupe, na mstari umekaa kwenye nyekundu pande zote. Halafu nimejaribu kuzima spika moja kwa kuchomoa waya: ya kulia ikibaki peke yake bado haina besi. Kama ni waya kugeuzwa, ikiwa peke yake si ingekuwa nayo?

Mzee_wa_Koili

Hapo umenena, Bwana Cherehani. Waya kugeuzwa huua besi pale spika mbili zinapolia pamoja. Ikilia moja, hakuna wa kugombana naye. Na wewe Pweza, ndugu yangu, usimwambie mtu ang'oe kapasita zote. Kila unapong'oa unaunguza njia ya shaba kwenye bodi, na bodi za miaka hiyo njia zake zinabanduka kama gamba la kitunguu.

Mimi nimekaa kwenye meza ya redio hapa Mombasa miaka mingi, macho sasa ndiyo yamenikatalia. Naona una magonjwa matatu yasiyohusiana, yamekutana mwili mmoja. Mtu akitafuta dawa moja ya yote matatu atazeeka.

Kwanza usalama. Chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi tu. Ndani kuna kapasita mbili nene kama makopo ya maziwa. Hizo hubaki na umeme hata baada ya plagi kutoka. Chukua risista (kipande kinachozuia umeme) ya omu 100 hivi, wati 5, gusisha miguu ya kila kopo kwa sekunde kumi, kisha pima kwa mita uone volti zimeshuka karibu na sifuri. Usitumie bisibisi kushotisha. Cheche ile huchimba chuma na hukutia woga wa kazi yenyewe. Na ukiiwasha baada ya kugusa chochote ndani, mara ya kwanza ipitishe umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100, ile ya waya, si LED, iliyounganishwa mfululizo na amplifaya. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima.

Sasa besi. Tazama nyuma ya amplifaya. Kuna mahali pameandikwa Pre Out na Main In, na vipini viwili vya chuma vimeyaunganisha?

Cherehani_Tanga

Vipo Mzee! Vimepinda kama herufi U. Miaka yote nilidhani ni vya kuzungushia waya wa umeme.

Mzee_wa_Koili

Hizo ndizo zitakuokoa. Mlango huo unaigawa amplifaya nusu mbili: huku ni sehemu ya kuchagua na kutengeneza sauti, kule ni sehemu ya nguvu inayosukuma spika. Zima, chomoa vipini, chukua nyaya mbili za kawaida za RCA (zile za kuunganishia deki) uzipitishe msalaba: Pre Out ya kushoto iende Main In ya kulia, ya kulia iende kushoto. Washa, sauti ndogo, sikiliza besi iko wapi.

Besi ikihamia kulia, ugonjwa uko sehemu ya mbele. Ikibaki kushoto, ugonjwa uko sehemu ya nguvu. Pia nipimie DC (umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri) kwenye soketi za spika, bila spika, bila muziki, baada ya dakika kumi.

Cherehani_Tanga

Nimefanya. Besi imebaki kushoto. DC: kushoto milivolti 22, kulia 18. Ni mbaya?

Mzee_wa_Koili

Hizo ni nzuri, chini ya 50 hatugombani. Kwa hiyo transista zako zinaishi, usiziguse. Ugonjwa uko bodi ya nguvu ya kulia na unakula besi peke yake bila kuharibu DC. Mla besi katika saketi mara nyingi ni kapasita.

Lakini kabla hujashika chuma cha kulehemu, fanya kazi moja isiyohitaji umeme. Stereo ina faida ambayo redio ya mbao ya mzee wangu haikuwa nayo: ni amplifaya mbili ndani ya sanduku moja. Upande mzima ndio kitabu cha upande mgonjwa. Ikae mezani, taa juu, na usome kila kapasita kushoto na mwenzake kulia.

Kijana_wa_Gerezani

Naingilia kidogo kuhusu mngurumo. Usiokua na nobu ya sauti unatoka kwenye pawa saplai (sehemu inayoilisha amplifaya umeme) au baada ya nobu. Unaokua na nobu unatoka mbele, mara nyingi waya wa ethi wa mashine ya santuri. Kwa kuwa wa kwako haukui, pima yale makopo mawili. Hapa Dar niliwahi kununua kapasita ya mikrofaradi 10,000, nyepesi kama ganda la njugu. Nikaichana kwa kisu: ndani kulikuwa na kapasita nyingine ndogo imevalishwa koti kubwa na kujaziwa karatasi. Koti limeandikwa 10,000, mwenye koti 2,200.

Cherehani_Tanga

Kijana, hiyo ya koti nimeielewa kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Mzee, nimefanya kazi yako leo mchana baada ya Ijumaa, duka limefungwa. Nikaona hii ni kama kukagua shati: unalikunja katikati ya mgongo, mkono juu ya mkono, na kasoro inajionyesha yenyewe. Nikachukua karatasi ya patani, nikachora bodi mbili, nikaandika kila kapasita kama ilivyoandikwa mgongoni. Saa mbili nzima. Shingo inauma.

Zote zinalingana isipokuwa moja. Iko karibu na zile transista mbili ndogo zilizogusana migongo mahali sauti inapoingilia. Kushoto ni 100µF 25V (mikrofaradi 100, volti 25). Kulia, mahali hapohapo, ni 1µF 100V. Kwa umbo zinafanana kabisa, moja ni nene kidogo tu, rangi ileile, kampuni ileile.

Nikamwaga bahasha ya kapasita kuukuu mezani. Za 100µF za umbo hilo zimo mbili. Ya 1µF ya volti 100 haimo hata moja.

Mzee_wa_Koili

Allah! Ameona "100" akaichomeka. Kosa dogo sana hilo, na mimi nimeshalifanya jioni macho yakiwa yamechoka, kwa hiyo fundi wako namsamehe kwa hilo. La kutopokea simu simsamehe.

Nikueleze kwa nini linakula besi. Kapasita hiyo iko kwenye njia ya marejesho. Sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa pale kwenye transista mbili, ili amplifaya ijilinganishe na kujisahihisha. Kapasita ina mwenzake, risista. Soma yake, nadhani omu 1,000 au karibu yake. Hao wawili ndio wanaoamua amplifaya ianze kuvuta nguvu kamili kuanzia Hz (mitikisiko kwa sekunde) ngapi. Hesabu yake: zidisha 6.28 mara omu mara faradi, kisha 1 gawanya kwa jibu hilo. Kwa mikrofaradi 100 unapata Hz 1.6, chini kabisa ya sikio la binadamu. Kwa mikrofaradi 1 unapata Hz 159.

Sasa nyuzi nne za gitaa la besi zikipigwa wazi ni Hz 41, 55, 73 na 98. Zote ziko chini ya 159. Ule wa 41 unashushwa karibu desibeli 12 (kipimo cha ukubwa wa sauti). Mwimbaji na solo wako juu ya hapo, hawaguswi, ndiyo maana wamesimama katikati na besi kahamia kushoto. Na kwa DC kapasita yoyote ile ni ukuta, ndiyo maana milivolti zako zilikuwa safi. Mtu angepima volti siku nzima asione kitu. Santuri zako za mono ndizo zilizokushikia taa.

Weka 100µF, volti 25 au zaidi, inayostahimili nyuzi joto 105. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja, kutoka pakiti moja. Mguu wa hasi una mstari, uangalie ulivyo kushoto kabla hujang'oa. Na kwenye bodi, ukiona gundi ya kahawia iliyokauka kama ukoko chini ya kapasita au kuzunguka risista, ikwangue kwa kijiti cha mbao. Viwanda vingi vya Japani vilitumia gundi ya aina hiyo. Ikizeeka inanyonya unyevu, inapitisha umeme na kula miguu ya vitu.

Cherehani_Tanga

Risista ni omu 1,000 kamili. Mzee, wewe ni mganga.

Gundi ipo, nimeikwangua kwa kijiti cha mshikaki. Kulehemu amenisaidia kijana wa simu wa duka la jirani, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Nikawasha na balbu: ikawaka, ikafifia. Nikasubiri rilei, ile swichi ya ndani inayounganisha spika, "tak", nikaweka Jamhuri Jazz.

Besi imerudi katikati. Nilizima nikawasha mara tatu nikidhani najidanganya.

Makopo mawili pia nimeyapima kwa mita ya yule kijana. Yameandikwa 10,000. Moja limesoma 9,400, jingine 2,150. Nilidhani moja ni la kulia na jingine la kushoto, ila mngurumo uko pande zote.

Mzee_wa_Koili

Hapana, hayo hayagawani kulia na kushoto. Moja ni la volti chanya, jingine la volti hasi, na pande zote mbili zinakula kutoka sahani hiyohiyo. Weka mita yako kwenye AC (umeme wa mawimbi, kama wa ukutani), upime juu ya kila kopo amplifaya ikiwa imewaka bila muziki. Kwa mikono makini, na mkono mmoja mfukoni.

Cherehani_Tanga

Lile zima: milivolti 40. Lile la koti: 220.

Kijana_wa_Gerezani

Huo ndio mngurumo wako mkuu. Umeme wetu ni Hz 50, ukipita kwenye dayodi nne unakuwa mawimbi 100 kwa sekunde, na kopo dogo haliwezi kuyalaza. Nunua yote mawili mapya, na kabla hujalipa, shika moja mkono huu na lile kuukuu la baba mkono ule. Lililo jepesi mno, rudisha.

Halafu angalia kiteuzi cha volti nyuma. Mashine nyingi za kuuzwa nje zina 110, 120, 220 na 240. Kama iko 220 na umeme wako unasoma 235 au zaidi, hamishia 240. Transfoma itapoa na makopo yatapumua.

Cherehani_Tanga

Ilikuwa 220, nimehamishia 240. Makopo yatakuja na basi la Jumanne kutoka Dar.

Limebaki la kufifia usiku.

Mzee_wa_Koili

Hilo nililiacha kwa makusudi, maana ndilo rahisi kulikisia na ndilo watu hulikosea. Sauti inayofifia ikiwa ndogo na kurudi ukiisukuma ni mguso mchafu mahali fulani: ndimi mbili za chuma zimeshika utando mweusi, umeme mdogo hauupenyi, mkubwa unautoboa. Kwa hewa ya Tanga na Mombasa, hilo ni jambo la kila nyumba. Swali ni mguso upi, maana sauti inapita kwenye migusano kumi kabla haijafika kwenye spika.

Anza na swichi ya tepu, ile Tape Monitor. Kwa kuwa hakuna anayeitumia siku hizi, hukaa pozi moja miaka thelathini. Izungushe huku na huku mara thelathini, amplifaya ikiwa imezimwa. Kama haikusaidia, subiri usiku ufifie, kisha kwa mpini wa plastiki wa kalamu gonga rilei kidogo. Kidogo, kama unabisha hodi kwa mkwe.

Cherehani_Tanga

Swichi ya tepu haikubadilisha kitu. Jana usiku saa nne ikafifia, nikabisha hodi kwa mkwe. Sauti ikaja papo hapo.

Pweza_Mtulivu

Basi unganisha waya uiruke rilei, kazi imeisha.

Mzee_wa_Koili

Usithubutu! Rilei ni bawabu. Transista moja ikifa kwa shoti, volti zote za lile kopo zinaingia kwenye spika, na bawabu ndiye anayefunga mlango. Ukimwondoa, siku hiyo utanusa koili ya spika ikiungua. Kazi hiyo imenilisha, lakini sikutakii.

Zima, toa umeme wa makopo, fungua kifuniko cha rilei kama kinafunguka. Usitumie msasa, utakwangua fedha iliyopakwa kwenye ndimi na baada ya mwezi itakuwa mbaya zaidi. Kata utepe wa karatasi ngumu, iloweshe spiriti safi ile ya asilimia 99, pitisha kati ya ndimi, zibane polepole kwa kidole, vuta. Rudia hadi karatasi itoke safi. Hiyo ni dawa ya muda. Dawa yenyewe ni rilei mpya ya volti zilezile za koili, na ndimi zinazobeba ampia zisizopungua za ile ya zamani.

Cherehani_Tanga

Nimetumia kadi ya harusi ya binamu yangu, ile karatasi nene yenye mng'aro upande mmoja. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi kama wanja. Mara ya sita ikatoka na alama ndogo tu.

Usiku tatu sasa haijafifia. Makopo yamefika, nimeyapima kwa mkono kama Kijana alivyosema. Muuzaji alikuwa ametuma matatu nichague, moja nikalirudisha bila hata kulitia mita. Mngurumo umekwisha, ukisogeza sikio hadi kwenye kitambaa cha spika unasikia kitu kama mtu anapumua chumba cha pili, basi.

Karatasi ya patani niliyochorea bodi nimeikunja nikaibandika ndani ya kifuniko, na thamani ya kila kapasita, tarehe, na maneno "1µF 100V SI 100µF" kwa kalamu nyekundu. Rilei nimeagiza, ya volti 24 kama ilivyoandikwa juu yake. Isipokuja kabla ya Idi, kadi za harusi ninazo nyingi.

Kijana_wa_Gerezani

Mkuu, tupe picha ya bodi na hiyo patani. Nina mteja ana pacha wa Sansui yako, naye analalamika kushoto hakuna besi.